Mpeni Mtoto Daftari Lisilosahihishwa

Wazazi na walezi wenzangu, walimu, matroni na mapatroni wa mabweni, na ninyi nyote ambao mikononi mwenu hupita fomu za kujiunga na shule, nina ombi moja kwenu.

Kila Desemba, majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yakishatoka, nyumba nyingi za Tanzania hulala na kuamka na karatasi ile ile mezani. Fomu hiyo imeorodhesha kila kitu: sare jozi mbili, viatu vyeusi vya kamba, godoro, shuka, ndoo yenye mfuniko, jembe, fagio, tranka na kufuli lake, rimu ya karatasi, na madaftari makubwa, kaunta buku kwaya mbili au tatu, moja kwa kila somo. Mama huenda nayo sokoni imekunjwa ndani ya pochi, akinunua kimoja anakata mstari, akikosa hela anaruka, anarudi wiki ijayo. Kufikia Januari karatasi imechakaa na tranka limejaa.

Naomba tuongeze mstari mmoja kwenye orodha hiyo. Daftari moja zaidi, la mtoto mwenyewe. Lisiwe la somo lolote. Lisipelekwe mezani kwa mwalimu, lisitiwe wino mwekundu, wala lisisomwe na mtu yeyote pasipo ruhusa ya mwenyewe. Humo ataandika siku zake katika shule mpya kama anavyoziona yeye. Wengine huliita shajara, wengine daftari la kumbukumbu, watoto wengi husema tu dayari. Liiteni mnavyopenda, ila mpeni.

Tukumbuke mtoto huyu anatoka wapi. Katika shule zetu nyingi za msingi za serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Amezoea kuuliza kwa Kiswahili, kubisha kwa Kiswahili, hata kumchekesha mwalimu kwa Kiswahili. Januari moja anakaa kwenye dawati ambako kila kinachoandikwa ubaoni ni Kiingereza. Somo la Sayansi alilolijua limegawanyika likawa fizikia, kemia na baiolojia, na kila moja lina mwalimu wake, kitabu chake na msamiati wake. Zipo wiki za mwanzo za kuwaandaa kwa Kiingereza, na walimu wengi wanazifundisha kwa moyo wote, lakini wiki chache haziwezi kubeba mzigo wa miaka saba. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono mpaka anasimama juu ya benchi anafika kidato cha kwanza na kunyamaza hadi Pasaka. Ripoti ya kwanza ikija nyumbani tunasema amebweteka. Mara nyingi hajabweteka hata kidogo. Amekosa pa kusemea.

Bwenini ugeni una sura yake. Kengele inalia saa kumi na moja alfajiri, foleni ya maji imeshapinda kona, ufunguo wa tranka unaning'inia shingoni kwa kamba. Mwaka jana alikuwa kaka mkuu au dada mkuu, darasa la kwanza lote likimwogopa. Leo anaitwa njuka, yaani mgeni, na wa vidato vya juu wanamtuma maji. Wanaosoma kutwa katika shule za kata, zile zilizojengwa kwa wingi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, nao wana yao. Wapo wanaotembea asubuhi na jioni mpaka miguu inavimba. Wapo waliopangishiwa chumba, geto, karibu na shule, watoto wa miaka 14 wanaojipikia wenyewe na kujifungia mlango usiku.

Na sisi tuliowapeleka huko tunawasikia kwa kiasi gani? Mwalimu wa darasa ana watoto wengi kuliko anavyoweza kuwajua kwa majina kabla ya mwezi wa tatu. Mama anapata dakika chache za simu ya matroni, na nyuma ya mtoto kuna foleni ya wenzake wanaosikiliza kila neno. Katika hali hiyo mtoto atasema nini zaidi ya sijambo mama, naomba hela ya sabuni? Tunakata simu tumeridhika. Yaliyobaki anarudi nayo kitandani.

Mpwa wangu alianza kidato cha kwanza katika shule ya bweni, mikoa miwili kutoka kwao. Likizo ya Juni alinifungulia mwenyewe kurasa chache za daftari lake, na akakubali nizitaje mradi nisitaje jina. Ukurasa wa kwanza hauna hata sentensi. Ni ramani ya bweni. Vitanda vya deka vimechorwa kwa rula, kila kitanda kina jina, na pembeni ya jina kuna neno moja au mawili: huyu anakoroma, huyu ni mpole na ana sabuni, huyu usiguse ndoo yake. Kabla hajathubutu kuzungumza na nusu ya wasichana wale, alikuwa ameshawapanga akajua pa kupita na pa kukwepa.

Kurasa za mbele kidogo zina maneno ya darasani aliyoyasikia asiyaelewe. Ameyaandika kwa tahajia ya Kiswahili, jinsi yalivyomwingia sikioni, na mbele ya kila neno ameacha nafasi. Nafasi hizo zilijazwa baadaye kwa kalamu ya rangi nyingine, moja leo, mbili kesho. Neno moja refu la baiolojia lilikaa siku kadhaa bila jibu, hadi alipogundua kuwa ni usanisinuru, jambo lile lile alilolisoma na kulifaulu shule ya msingi. Hapo ameandika kwa herufi kubwa kwamba hili analijua, akapiga mstari chini mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi. Nilipofika kwenye tundu hilo nilimrudishia daftari lake. Hakuna mtu aliyemwambia aweke orodha ya namna hiyo. Hakuna aliyemwambia achore vitanda. Alipewa karatasi na uhakika kwamba hakuna atakayemcheka, yaliyobaki akayafanya mwenyewe.

Mtoto mgeni hupokea kwa siku moja mambo mengi kuliko anavyoweza kuyapanga. Yakibaki kichwani yanazunguka usiku kucha. Yakishaandikwa yanatulia, na wiki ijayo anaweza kuyarudia akaona lile lililomliza lilikuwa dogo. Au anaona kinyume chake: kwamba jina la mtu yule yule limejirudia kila siku, kila mara na machozi, na kwamba sasa ni lazima amwambie mkubwa. Mtoto wa miaka 13 hana njia nyingi za kuliona jambo la namna hiyo kwa macho yake mwenyewe. Hii ni mojawapo, na ni rahisi.

Shajara ya mtoto inayojulikana kuliko nyingi duniani nayo ilianza katika kivuli cha shule mpya. Anne Frank, msichana wa Kiyahudi, alipewa daftari lake huko Amsterdam tarehe 12 Juni 1942, siku aliyotimiza miaka 13. Mwaka uliotangulia, chini ya utawala wa Wajerumani waliokuwa wameiteka Uholanzi, watoto wa Kiyahudi walikuwa wameondolewa katika shule zao na kupelekwa shule za peke yao, naye akahamia sekondari ya Kiyahudi. Kurasa zake za mwanzo zinawataja wanafunzi wenzake mmoja mmoja, nani ana majivuno, nani ni rafiki, na zinamtaja mwalimu wa hesabu ambaye alichoshwa na maongezi yake darasani akampa adhabu ya kuandika insha juu ya tabia ya kupayuka. Tarehe 6 Julai 1942 familia yake iliingia mafichoni. Mambo makubwa yalipomfika, tayari alikuwa na mahali alipozoea kuandika habari ndogo ndogo za darasani. Alifia katika kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945, na baba yake akayachapisha maandishi yale mwaka 1947. Namtaja kwa sababu watu wengi wakimsikia hufikiri shajara ni ya wenye misiba mikubwa. Yake ilianza kama ya mtoto yeyote, na majina ya wenzake wa darasani.

Kwetu Zanzibar kuna habari nyingine ninayoipenda. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi wasichana wa nyumba yao walivyofundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Karne nzima na zaidi imepita, na mabinti zetu wanaandika kila siku, saa baada ya saa, lakini karibu kila wanachoandika ni cha kunakili kutoka ubaoni na kusubiri vema au kosa.

Watafiti nao wamelichunguza jambo hili la kuandika ya moyoni. Mwaka 1990 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliokuwa ndio kwanza wameingia chuo. Kundi moja liliombwa liandike kwa dakika 20, siku tatu, hisia na mawazo yao ya ndani kabisa kuhusu kuja chuoni. Kundi jingine liliandika mambo ya kawaida yasiyogusa moyo. Katika miezi iliyofuata, walioandika juu ya ugeni wao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na uchambuzi mmoja wa mwaka 2006 uliokusanya tafiti 146 ulionyesha kwamba faida ipo, ingawa ni ndogo. Nalisema wazi hilo la udogo kwa sababu sitaki mzazi yeyote auziwe daftari kama dawa. Halitamfaulisha mtoto peke yake wala halitaziba pengo la mwalimu asiyekuwepo. Lakini ni faida inayopatikana kwa bei ya kaunta buku moja, na sijui ni kitu gani kingine kwenye orodha ile ya Desemba kinachoweza kusema hivyo.

Aandike kwa lugha gani? Kwa ile inayomjia. Hapa nawaomba walimu wa Kiingereza kwa heshima zote, kwa sababu najua nia yenu ni njema. Mtashawishika kuligeuza daftari hili kuwa zoezi: andikeni kila siku, kwa Kiingereza, Ijumaa mlete nikusanye. Tafadhali, insha za Kiingereza ziwe na daftari lake. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa shule za Kenya ya utotoni mwake walivyochapwa viboko au kuvishwa bati shingoni kwa kukutwa wakizungumza Kigĩkũyũ, na bado ziko shule zetu ambako mtoto huvikwa kibao kwa kuzungumza Kiswahili uwanjani. Mtoto anayechungwa lugha yake siku nzima namna hiyo anahitaji mahali ambapo hakuna anayemvizia. Kama usiku anataka kuandika kwa Kisukuma cha bibi yake, au kwa Kiswahili kilichochanganyika na maneno matatu ya Kiingereza aliyoyaokota mchana, aachwe. Kiingereza kitaingia chenyewe humo. Kwenye daftari la mpwa wangu, kufikia Mei, kulikuwa na sentensi nzima nzima ambazo hakuna aliyezidai.

Ombi hili linawahusu pia ndugu zetu walio mbali. Familia za Kikongo zilizoishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kisha zikapelekwa miji ya Marekani zinawaingiza watoto wao katika shule ambako mara nyingi hakuna mwalimu anayejua Kiswahili. Huko mtoto akiwa na daftari la Kiswahili, ataendelea kukiandika, na ataendelea kuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye mchana kutwa, yaani yeye mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote katika ombi hili, nalo ni siri.

Aliyesoma bweni anajua msako wa matranka. Wanafunzi wanatolewa nje, matroni au patroni anaingia na viranja, wanatafuta simu, nguo za nyumbani, vyakula vilivyokatazwa. Simlaumu matroni, ana mabinti mia mbili wa kulinda na sheria za shule za kusimamia. Lakini katika msako huo ndimo shajara nyingi hufa. Daftari linaokotwa, linafunguliwa, mtu anasoma mstari mmoja, anamwita mwenzake. Pengine linafika ofisini. Pengine, na hili limetokea katika shule zaidi ya moja, linasomwa mstarini mbele ya shule nzima, huku mwenye maandishi amesimama pale pale na sare yake. Mtoto huyo hataandika tena la moyoni kwa miaka mingi, na wenzake waliokuwa wakisikiliza hawataandika pia. Siku moja ya kucheka inawafunga mdomo watoto wote wa bweni.

Nyumbani hatuko salama zaidi. Mtoto anaoga, mama anapekua begi. Kaka mkubwa analisoma kwa sauti ya kuigiza wakati wa chakula. Tunasema ni mtoto wangu, hana siri kwangu. Naelewa hofu iliyo nyuma ya maneno hayo, maana dunia hii imewaharibia wengi watoto wao. Lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na ibara yake ya 16 inasema mtoto asiingiliwe kiholela katika faragha yake wala mawasiliano yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema hayo hayo katika ibara ya 10, na papo hapo unamwachia mzazi haki ya kumsimamia mtoto kwa kiasi kinachofaa. Kiasi kinachofaa ndicho tunachotakiwa kukubaliana. Mimi naona hivi: kama una hofu ya kweli, mketishe mtoto, mwambie unachokiogopa na kwa nini, umpe nafasi akueleze. Kupekua kimya kimya kuwe kwa siku ile tu unapoamini maisha yake yako hatarini, na ukishafanya hivyo umwambie kwamba umefanya. Na wewe matroni unayetafuta simu, lishike daftari kwa jalada, litikise. Simu ikiwemo itadondoka. Kisha lirudishe tranka lilipokuwa.

Najua ataandika juu ya mvulana wa kidato cha tatu. Ataandika kwamba mwalimu fulani ana hasira, na kwamba baba ameahidi kuja siku ya wazazi hakuja. Hayo ameshayawaza. Kuyaandika hakumwongezei ubaya wowote, na kunaweza kumpunguzia uzito wake.

Yako mambo ambayo daftari haliyawezi. Mtoto anayepigwa na wakubwa, anayeguswa mwili na mtu mzima, anayelala njaa kwenye geto, anayeandika kwamba hataki kuishi, huyo anahitaji mtu wa kusimama naye, na haraka. Kwa hiyo siku ya kumkabidhi daftari, mwandikieni ndani ya jalada namba 116, ya kupiga bure kuwasaidia watoto, inayofanya kazi Tanzania na Kenya pia. Chini yake aandike mwenyewe jina la mtu mzima mmoja anayemwamini pale shuleni, akishampata: mwalimu wa unasihi, mpishi, mlinzi, yeyote. Na siku akikuletea mwenyewe ukurasa wenye jambo kama hilo, usianze kwa kumuuliza kwa nini hakusema mapema. Mshukuru, umwambie unamwamini, na uondoke hapo kwenda kuchukua hatua.

Wala tusimlazimishe. Mtoto aliyetoka kwenye msiba au vurugu asisukumwe kuandika kilichompata. Akitaka kuandika matokeo ya mpira peke yake, ni yake. Asiyependa sentensi atachora. Asiyeona ataandika kwa nukta nundu, na kwake huyo daftari maana yake ni karatasi ngumu za kutosha, jambo ambalo shule zinazowapokea zinapaswa kulipanga mapema. Muda nao si mrefu. Dakika kumi na tano kabla ya prepo, muda wa kujisomea jioni, zinatosha, hata mara mbili kwa wiki. Mwalimu wa darasa anayeweza kutoa dakika kumi za Ijumaa mchana, darasa zima likaandika kimya naye akaandika lake pale mbele, atawafundisha zaidi kwa kuonekana akiandika kuliko kwa maelezo yoyote.

Wenzetu wa Kenya wanalo la kuwahimiza pia. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia gredi ya 10, katika shule mpya, wakiwa wamechagua mikondo ambayo hakuna kaka wala dada yao aliyeipitia kabla yao wa kuwasimulia. Kwetu, kundi kubwa liko njiani. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao walio mbele yao watamaliza la saba. Januari 2028 sekondari zetu zitapokea vizazi viwili kwa mkupuo, na nusu yao watakuwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko njuka tuliowazoea. Mabweni yatajaa, walimu watalemewa, na mtoto wa miaka 12 atakuwa na nafasi ndogo zaidi ya kusikika. Tukianza desturi hii sasa, itakuwa imezoeleka watakapofika.

Gharama ipo, nisiifiche. Ada za shule za serikali zilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na hilo liliwaingiza shule watoto wengi ambao wasingeingia. Lakini sare, godoro na madaftari bado vinatoka mfukoni mwa mzazi, na kuna nyumba ambako hata kaunta buku moja ya ziada ni mboga ya siku mbili. Hapo ndipo ninapowageukia wengine. Wauzaji wa vifaa vya shule pale Kariakoo na kwenye masoko ya mikoa, mteja akinunua madaftari kumi ya kidato cha kwanza, mwongezeeni moja. Vikundi vya kina mama vya vikoba, misikiti na makanisa, waliomaliza shule hizo zamani na sasa wana kazi: ulizeni shule yenu ya zamani ina watoto wangapi wanaoanza mwaka huu, na mnunue ya wale wasio na mtu. Jalada liacheni tupu, bila nembo ya mfadhili wala picha ya mtu yeyote, ili mwenye daftari aandike juu yake anachotaka.

Wewe mwanafunzi mwenyewe, kama karatasi hii imekufikia na hakuna mkubwa aliyekununulia, chukua daftari lako la mwaka jana lililobaki kurasa tupu. Chana zilizotumika, shona upya kwa sindano ya mama. Andika tarehe juu. Halafu andika jina la mtu mmoja uliyekaa naye leo.

Nanyi wakuu wa shule na bodi zenu, ambao fomu za mwaka ujao zinachapwa ofisini kwenu, mstari ninaouomba ni huu, na mko huru kuuchukua kama ulivyo: "Daftari moja kubwa la mwanafunzi mwenyewe. Halitakusanywa, halitasahihishwa, na uongozi wa shule unaahidi kutolisoma." Uwekeni baada ya kufuli na kabla ya rimu ya karatasi, pale ambapo mzazi hatauruka, na chini yake mkuu wa shule atie sahihi.